Wauza vitini vya Kiingereza, mnawapotosha watoto wetu kuhusu -less

Wakuu, hili limenikera sana. Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Nimefungua kitini chake cha Kiingereza, nakuta kimeandika kwamba "-less", kile kiishio cha mwisho wa neno, maana yake ni "pungufu", halafu eti "priceless" ni kitu kisicho na thamani. Na kitini chenyewe kinauzwa palepale shuleni! Mzazi anatoa hela yake kununua upotoshaji.

Hiyo -less haina undugu na "less" ya kupunguza. Imetoka kwenye Kiingereza cha kale, "lēas", yaani kutokuwa na kitu, kuwa huru nacho. Ukoo wake ni "lose" na "loose", na Wajerumani wanayo mpaka leo: asiye na kazi kwao ni "arbeitslos". Ile ya kupunguza ilikuwa "lǣs", neno lingine kabisa, ila matamshi yakaja kufanana. Sasa "homeless" ni mtu mwenye nyumba ndogo? Hana nyumba!

Na "priceless" ni kitu cha thamani kubwa mno, hakuna bei inayokitosha. Kisicho na thamani ni "worthless". Mtoto akijibu kama kitini kilivyomfundisha, anayekosa maksi ni yeye. Aliyekiandika ameshakula hela.

Halafu kuna "ruthless", "reckless", "hapless", "feckless". Mtoto akiuliza hiyo "ruth" ni nini, anajibiwa "wewe kariri tu". Kwa nini akariri wakati maelezo yapo? "Ruth" ilikuwa huruma. Siku hizi huisikii ikisemwa peke yake, lakini maana yake ipo palepale ndani ya "ruthless". "Reck" ni kujali. "Feck" ni "effect", yaani matokeo, iliyokatwa na Waskoti. "Hap" ni bahati, neno la watu wa Skandinavia walioingia Uingereza, na ndilo lililozaa "happy", "happen" na "perhaps". Mweleze mtoto hilo uone kama atasahau tena "hapless" ni nani.

Kitini hichohicho kinadai -less hukaa kwenye nomino peke yake. "Tireless" je? "Ceaseless" je? "Tire" (kuchoka) na "cease" (kukoma) ni vitenzi!

Walimu mliomo humu, naomba jibu la wazi: nani anavipitia hivi vitini kabla watoto hawajalazimishwa kuvinunua?