Kitamanaku kilikufa bila kurekodiwa: tunajuaje kilivyosikika?

Binti_Isimu: Wadau, naandaa mada ya semina kuhusu Kitamanaku, lugha ya jamii ya Kikaribi iliyosemwa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Wasemaji walikwisha zamani, na hakuna kanda hata moja. Nasoma kwamba hawakuwa na silabi sa, se, si. Nani aliwasikia?

Mzee wa Kibokoni: Mwanangu, aliyewasikia ni padri Filippo Salvatore Gilij, Mjesuiti wa Italia. Aliishi Orinoco tangu 1749 hadi 1767, mfalme wa Hispania alipowafukuza Wajesuiti. Kitabu chake kilichapwa Roma kati ya 1780 na 1784. Huyu hakuwa mpita njia wa kuokota maneno mawili matatu.

Tazama alivyofanya kazi. Bakuli, asema, Wakaribi (wenye lugha iliyoipa jamii nzima jina) huita *sarera*, Watamanaku *charera*, Wapareka, jirani zao wa lugha ya jamii hiyohiyo, *sharera*. Na si neno hilo tu: kila penye sa ya Kikaribi, Watamanaku hutamka cha. Sisi wa Mvita tunaosema mtele na kuteka, penye mchele na kucheka ya Kiunguja, tunamwelewa mara moja. Ni kanuni, na aliiandika kabla ya hotuba ya 1786 ya Mwingereza William Jones, aliyesema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zina asili moja. Inaniuma kuona wanafunzi wanafundishwa Jones, Gilij hatajwi.

MpendaKamusi: Naongezea: Gilij ni Mwitaliano, anaandika Kiitaliano. Kwa tahajia yao "che" husomwa ke, na "ce" ndiyo che yetu. Kabla hujanukuu neno, hakikisha mhariri wa toleo lako hajabadilisha herufi.

Binti_Isimu: Shukrani, mzee, na wewe MpendaKamusi. Na irabu je?

Mzee wa Kibokoni: Hapo usimtegemee peke yake. Wapanare, ndugu zao wa karibu kilugha, wako hai jimbo la Bolívar. Wana irabu ambayo ulimi huinuka juu katikati ya kinywa, midomo haiviringwi. Iko baina ya i na u. Alfabeti ya Kiitaliano haina herufi yake, kwa hiyo padri alilazimika kutumia herufi alizonazo. Chukua maneno yenye asili moja, yapange Kitamanaku huku, Kipanare kule, uangalie irabu hiyo inaangukia herufi gani za Gilij. Kimapoyo nacho kiweke sambamba ukilinganishe, ni cha tawi hilohilo. Konsonanti utazimaliza upesi. Kwenye irabu jipe muda.