Kikosi bora cha Arsenal cha wakati wote: kura zimeleta watu tisa wa 2004. Niyatangaze matokeo?

Mleta uzi

Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima raha, naomba mnishauri.

Tuna kundi letu la mashabiki wa Arsenal, watu kama sitini, umri mchanganyiko. Wapo walioanza kuipenda timu Bob Wilson akiwa golini, na wapo waliomkuta Saka tayari anacheza. Tulikubaliana tuchague kikosi bora cha wakati wote, mimi nikapewa kazi ya kukusanya kura. Nikawaambia kila mtu aniletee majina kumi na moja, basi, sikuweka sharti lolote.

Kikosi kilichopatikana ni hiki: Seaman, Lauren, Adams, Campbell, Cole, Ljungberg, Vieira, Gilberto, Pires, Bergkamp, Henry. Ukiwatoa Seaman na Adams, wote tisa ni wa msimu wa 2003/04.

Timu ile naipenda mno. Mechi 38, ushindi 26, sare 12, hakuna aliyetufunga, na mbio zile zikaendelea hadi mechi ya 49. Lakini klabu hii ilianza mwaka 1886.

Mzee mmoja wa kundini, aliyekuwa shabiki hata kabla ya makombe mawili ya 1971, alinipigia simu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Brady kapata kura ngapi?" Ni Liam Brady huyo, kiungo wetu wa miaka ya sabini. Nikamjibu nne. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hawakumwona hao." Tangu siku hiyo matokeo nimeyakalia. Niyatangaze kwa kuwa ndiyo kura zilivyosema, au turudie? Na tukirudia, kwa utaratibu gani?

BekiMbili

Tangaza, mkuu. Watu wamepiga kura, ukirudia kwa sababu matokeo hayakumpendeza mtu mmoja, kesho nani atakuamini?

Ila hapo kwa Lauren kumshinda Lee Dixon nimeumia kweli. Dixon ana ubingwa wa ligi mara nne: 1989, 1991, 1998 na 2002. Na lile bao la Anfield, tarehe 26 Mei 1989, tulipohitaji kuwashinda Liverpool kwao kwa mabao mawili ili tuwe mabingwa, watu wanamkumbuka Michael Thomas peke yake. Rudini nyuma kidogo. Dakika za kawaida zimeisha, kipa wetu Lukic ana mpira mkononi, hakuupiga mbali, alimrushia Dixon. Dixon akaunyanyua hadi kwa Alan Smith, Smith akautuliza na kumsogezea Thomas, naye akaingia hadi uso kwa uso na kipa wao Grobbelaar. Beki wa kulia aliyekuwa na utulivu wa kupiga pasi ile saa ile simwachi nje ya kikosi changu.

Kiungo wa Chini

Usitangaze. Kosa halipo kwa wapiga kura, lipo kwenye swali. Umewaomba majina, nao wamekupa kumbukumbu zao. Mtu huandika kwanza wale aliowapenda akiwa na miaka kumi na mitano, na wengi wenu miaka hiyo mlikuwa na Henry.

Kabla ya jina lolote, kubalianeni "bora" maana yake nini. Mnapima kilele cha mchezaji au utumishi wake? Henry anapita kote kote, mabao 228. Lakini David O'Leary amecheza mechi 722, hakuna aliyemfikia katika historia ya klabu, na kwenye orodha yako simwoni hata kwa mbali. Mkipima kilele, Campbell anaingia. Mkipima utumishi, O'Leary anakaa pale pembeni ya Adams na hakuna wa kumnyanyua. Vyote viwili ni halali, ila mchague kimoja, na mseme wazi.

Wekeni pia kiwango cha chini, tuseme mechi 200. Na wanaocheza sasa wasubiri kwanza, safari yao haijaisha.

Jukwaa la Kaskazini

Naungana na Kiungo, ila vigezo havitamsaidia yule mzee. Kinachokosekana ni wa kuwasemea wachezaji.

Fanyeni nafasi moja moja. Wiki hii beki wa kati, wiki ijayo winga. Kila jina linalopendekezwa liwe na mtu wa kulisemea kwa dakika tano kabla ya kura. Asiye na msemaji, jina lake lisiingie.

Mpeni mzee nafasi awaeleze fainali ya Kombe la FA ya 1979. Tunaongoza 2-0 dhidi ya Manchester United, dakika zinayoyoma, ghafla wanarudisha mawili. Wachezaji wetu wamekatika, na kwa hali ile muda wa nyongeza ungetumaliza. Brady, soksi zimemshuka hadi vifundoni, anauchukua mpira katikati na kuanza kutembea nao kuelekea mbele, anamvuta mtu, anampasia Graham Rix kushoto. Rix anapiga krosi ndefu, Alan Sunderland anateleza na kuumalizia, 3-2. Bao kwenye vitabu ni la Sunderland. Lakini ukilitazama mara tatu utaona kwamba pale kila mtu alikuwa ameshaogopa isipokuwa Brady. Mwambieni pia awape lile la White Hart Lane, nyumbani kwa Tottenham, Desemba 1978, tuliposhinda 5-0: alivyoupora mpira nje ya boksi na kuupindisha kwa kushoto hadi kona ya juu.

Mtu akishasikia hayo, ampigie Gilberto kura yake kama bado anataka. Hapo itakuwa kura kweli.

Takwimu Kwanza

Na wale ambao hata mzee wenu hakuwaona? Msiwasahau watu wa miaka ya 1930, ubingwa mara tano ndani ya muongo mmoja. Cliff Bastin alikuwa winga, winga jamani, na akafunga mabao 178. Rekodi hiyo ya mabao ya klabu ilikaa hadi 1997 Ian Wright alipoivunja. Ted Drake alifunga mabao 42 ya ligi msimu wa 1934/35, na Desemba 1935 akaifunga Aston Villa saba, ugenini, katika mechi moja.

Tatizo lao ni nafasi. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, kocha wetu Herbert Chapman alimrudisha kiungo wa katikati akawa beki wa tatu, na washambuliaji wawili wa ndani wakashuka kuunganisha timu. Alex James alicheza hapo. Leo ungemwita nani? Namba kumi? Kiungo? Ushauri wangu: msimpime kwa jina la nafasi, mpimeni kwa kazi aliyoifanya uwanjani. James na Bergkamp wanagombea kiti kimoja.

BekiMbili

Nimebadili mawazo, turudie. Ila Cole aondolewe kabisa. Alikwenda Chelsea mwaka 2006 na moyo wangu haujapona.

Kiungo wa Chini

BekiMbili, kwa kipimo hicho Campbell nasi tulimtoa Tottenham, na kipa Pat Jennings vilevile. Tunampima mtu kwa alichofanya akiwa na jezi yetu. Ukitaka kumzuia Cole, mlete Kenny Sansom, beki wetu wa kushoto wa miaka ya themanini, umsemee, hiyo ndiyo njia ya heshima.

Mleta uzi

Wakuu, narudi na mrejesho.

Niliwaeleza wenzangu ukweli wote: nikawaonyesha matokeo ya kwanza, nikasema utaratibu ulikuwa wangu na haukutosha. Walikubali turudie, nafasi moja moja, na wasemaji. Tumechagua kupima kilele, ila mechi 200 ziwe za lazima.

Jana tulianza na viungo wawili wa kati. Vieira alipita bila shida. Kisha mzee akazungumza. Hakutaja takwimu hata moja. Alieleza jinsi Brady alivyokuwa akiinua kichwa kabla mpira haujamfikia, na alivyojisikia mwaka 1980 aliposikia kijana kaondoka kwenda Juventus. Vijana waliompigia Gilberto mara ya kwanza walianza kuuliza maswali, mmoja akaenda kuitafuta fainali ya 1979 akaitazama yote usiku uleule. Brady ameingia. Nilimpigia mzee nimpe habari, akasema anataka sasa amsemee O'Leary.

Beki wa kushoto ni kesho jioni. Cole ana msemaji, Sansom amechukuliwa na BekiMbili. Eddie Hapgood, aliyetoka Kettering Town mwaka 1927 na kuja kuwa nahodha wetu na wa Uingereza, bado hana mtu. Kama yupo humu anayemjua vizuri, anitumie ujumbe leo, nitamsomea maneno yake neno kwa neno.