Lilongwe au Kigali? Natokea Mbeya, nina wiki moja tu, na mama yumo safarini

Fundi wa Mwanjelwa
Wakuu, salaam. Mwezi wa saba nikishamaliza sare za shule nataka kutoka nje ya nchi kidogo. Majiji makubwa siyawezi, Dar yenyewe siku mbili kichwa kinauma. Nimebakiwa na miji mikuu miwili midogo, Lilongwe na Kigali. Nasafiri na mama, mzaliwa wa Kyela, miguu bado ina nguvu ila kulala kwenye basi hataki hata kusikia. Pasipoti tunazo. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo soko la vitenge kwanza, makumbusho baadaye. Mliofika huko, nipeni ukweli.

Jirani wa Uyole
Dodoma nayo ni makao makuu, dada. Huulizwi pasipoti 😀

Nesi wa Ipogolo
Kigali, bila kupepesa macho. Ukivuka daraja la Rusumo tu gari linahamia mkono wa kulia, mwandae mama. Baridi ya vilima vile haimtishi mtu wa Mbeya. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku tangu 2008. Bodaboda anabeba abiria mmoja na anakupa helmeti, usipovaa, haondoki.

Kwa kazi yako, nenda soko la Kimironko. Unachagua kitenge, mafundi wako humohumo na vyerehani vyao, unapimwa, nguo unakuja kuchukua baadaye. Mimi nilikaa pale kutazama mama mmoja anakata shingo ya gauni bila kuchora chaki hata kidogo!

Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, kuingia ni bure. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Tulipotoka hakuna aliyetaka kula, kwa hiyo siku hiyo usipange jambo jingine. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii, maduka mengi yamefungwa mpaka saa tano. Ubaya wa Kigali ni bei tu.

Mkulima wa Chunya
Nesi kasema vizuri, ila njia kairuka. Kutoka Mbeya kwenda Rusumo kwa basi ni kuzunguka nchi: Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi. Kwa mama asiyetaka kulala kwenye basi hiyo ni adhabu, na wiki yenyewe itaishia barabarani. Labda mpande ndege.

Lilongwe ni hapa jirani. Mnavuka mto Songwe pale Kasumulu, mnaingia Karonga. Huko ni kwa Wangonde. Mama akisema "ugonile" ataitikiwa, na Kinyakyusa chake kitamfikisha mbali kuliko Kiswahili chako. Baada ya hapo barabara inafuata ziwa mpaka Chitimba, halafu inapanda mlima wa Chiweta kwa kona kalikali. Mkae upande wa kushoto mlione ziwa. Laleni Mzuzu, kesho yake mko Lilongwe mchana.

Ila sikufichi, Lilongwe kwa miguu huuwezi. Rais wao wa kwanza, Banda, alihamishia makao makuu pale kutoka Zomba mwaka 1975, mji ukagawanywa kwa maeneo ya namba, Area 3, Area 47, na namba zenyewe hazifuatani, usijaribu kukisia. Kati ya mji wa zamani na ule wa maofisi unapita miti mitupu. Vitenge viko mji wa zamani, wao wanaita chitenje, na soko liko kando ya mto.

Mimi kilichonipeleka ni tumbaku. Mnada wa Kanengo: marobota yamepangwa mistari ghala zima, dalali anapita anataja bei mbiombio kama anaimba, wanunuzi nyuma yake wanajibu kwa ishara ya kidole tu. Koti langu lilinuka tumbaku mpaka nafika Tunduma. Msimu kwa kawaida unafika mwezi wa saba, ulizeni.

Hela badilini kidogo kidogo, kwacha yao haitabiriki. Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja.

Nesi wa Ipogolo
Kwa suala la njia nakubali. Sisi tulipandia ndege Dar.

Fundi wa Mwanjelwa
Mama kasikia Karonga tu, keshaanza kutaja shangazi zake walioolewa ng'ambo ya Songwe. Basi ni Lilongwe, Kimironko nitakwenda peke yangu siku nyingine. Mkulima, kuna basi la moja kwa moja?

Mkulima wa Chunya
Yapo yanayotoka Dar yakipita Mbeya, lakini nafasi usiitegemee. Pandeni kosta ya Kasumulu alfajiri, vukeni kwa miguu, upande wa pili mtapata gari la Karonga. Wabadilisha fedha watawavamia kabla hamjashuka. Gongeni muhuri kwanza. Na mkiwa kule rudisheni saa nyuma kwa saa moja, msije mkakaa stendi Mzuzu mnalisubiri gari la asubuhi gizani.