Naomba ushauri: binti yangu aandikwe Hana kwa 花 au 華?

Binti_Tanga: Assalam alaykum wapendwa. Niko Nagoya, mume wangu Mjapani. Tumejaaliwa binti, leo ana siku nane. Jina ni Hana, yaani ua. Tumekwama kwenye kuandika: 花 ni ua la kawaida, mistari 7 ya kalamu, 華 ni ua la fahari, mistari 10. Mama mkwe anajumlisha mistari ya jina na ya ukoo kutafuta bahati, anataka 華. Mwisho wa kusajili ni siku 14. Usingizi sipati.

Mkwezi: Hongera dada. Ila akija likizo watamuuliza, hana nini?

Msafiri77: Chukua 花, watoto hufundishwa darasa la kwanza. Na mkazo wa sauti uangaliwe, hana ni pua pia. Nilipokuwa Kobe nilimsifia mama mwenye nyumba hana zake, nikashangaa anajishika pua. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Mzee_Busara: Jina si pambo. Mwaka 1993 pale Akishima, baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Akuma, ibilisi! Manispaa ikagoma, wakafikishana mahakamani. Wazazi wa leo mnatafuta sifa.

Ukhty_Pangani: Mdogo wangu, umemtaja mama mkwe tu. Mama yako mzazi anasemaje?

Binti_Tanga: Hilo si swali langu, dada.

Ukhty_Pangani: Ndilo linalokunyima usingizi.

Binti_Tanga: Haya. Mama anajua mtoto anaitwa Asha, jina la marehemu bibi aliyenilea. Mimi ndiye niliyemwambia, nikiwa na mimba. Jana wamechinja mbuzi wa akika kwa jina hilo. Lakini msinihukumu. Asha ataandikwa アシャ, herufi za maneno ya kigeni, na sura yake tayari inamtangaza. Nataka angalau jina lisimtenge.

Kamanda_Ubungo: Hii chai, tena haina tangawizi. Mtoto wa mgeni anapata wapi herufi hizo? Na mzazi wa siku nane ana muda wa kuhesabu mistari?

Binti_Tanga: Kaka, mtoto anaingia kwenye daftari la ukoo la baba yake, kwa hiyo anazo. Mimi mgeni ndiye nisiye na daftari langu. Karatasi iko mezani hapa: upande wa kulia daktari amejaza saa ya kuzaliwa na uzito, wa kushoto ni wetu. Nimeandika 花 kwa penseli, nimefuta mara tatu, mpaka pale pameota manyoya. Kama ni chai, ningejipikia tamu kuliko hii.

Kamanda_Ubungo: Samahani dada. Mungu amkuze.

Msafiri77: Mbona Asha anaandikika? 亜紗. Hiyo 紗 husomwa sha, kitambaa chepesi cha hariri wanachovaa kiangazi. Imo pia kwenye 更紗, sarasa, pamba ya kuchapwa maua. Ndugu wa kanga kabisa. Na imo kwenye herufi 863 zilizoruhusiwa kwa majina, nje ya zile 2,136 za kawaida.

Binti_Tanga: 亜 si ndiyo "anayefuata", wa pili? Mwanangu wa kwanza huyu.

Msafiri77: Ndiyo, lakini ni herufi ya Asia vilevile, na wengi huichukua kwa sauti tu. Jambo la kuangalia ni matamshi: tangu Mei 2025 yanasajiliwa pamoja na jina, na watu wengi wataona 亜紗 wasome Asa. Jaza Asha mwenyewe kwenye kisanduku.

Ukhty_Pangani: Hata Hanaa ni jina letu, maana yake raha. Mama hatalikataa. Kinachouma ni kusikia kwa watu. Mpigie kabla karatasi haijatoka nyumbani.

Binti_Tanga: Nimempigia kwa video. Nimelia, naye kalia. Nikamwandikia 花 kwa kalamu nene, nikamwonyesha. Kisha 亜紗, nikamweleza habari ya kanga. Kanyamaza kitambo. Halafu kasema, hilo la kitambaa, hebu liandike tena, polepole.