Tupeane uzoefu: nani kashaumizwa na mnyama akiwa kazini?

Wakuu salama? Ukitaja ajali kazini watu wanawaza mashine na kudondoka ghorofani, ila tupo tunaoumizwa na vyenye pumzi. Naanza mimi mkamuaji. Aliyenivunja ubavu hata si dume, ni ng'ombe wa uzao wa kwanza, chuchu zimevimba zinamuuma, kugusa tu nikala teke. Ng'ombe harushi nyuma tu, mguu unakuja mbele kisha unazunguka pembeni, kwa hiyo usalama ni kumganda kabisa, bega limgusie ubavuni, teke likose nafasi ya kujaa nguvu, au ukae mbali kabisa. Hapo katikati ndo pabaya. Haya wengine mwageni.

---
Mi nasambaza vifurushi majumbani. Mbwa anayebweka getini simuogopi, namuogopa yule kimya. Alinidaka shavu la mguu huku mwenye mbwa anasema "huyo hang'ati" na damu inaingia kwenye soksi 😂 Kidonda kidogo tu nikataka niendelee na kazi, msimamizi akagoma, nikaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu nikaenda kuchomwa sindano. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, sasa kuna wanaosubiri kwanza waone mbwa atakufa ama vipi, jamani!

---
Mnaogopa mbwa, sisi wa kliniki ya wanyama tunaogopa paka. Meno yake membamba kama sindano, yanapeleka uchafu ndani kabisa halafu juu ngozi inajifunga, unabaki kuona kitundu tu unasema si kitu. Mimi ilikuwa kwenye kiungo cha kidole. Usiku kikaanza kupwita, kulipokucha kimevimba hakikunjiki, ikabidi wapasue wasafishe na dawa za kutosha. Ukiumwa na paka mkononi nenda siku hiyohiyo, usingoje usaha.

---
Mkata miti hapa. Msumeno ulitikisa tawi lenye nyuki. Nyuki akishachoma anaacha harufu inayoita wenzake, inafanana na ndizi mbivu, ukiisikia usianze kupunga mikono, funika uso ukimbie moja kwa moja mpaka ndani ya gari au nyumba. Kujitosa majini hakusaidii, wanakusubiri juu utoe kichwa. Na mwiba kwangua fasta hata kwa kucha, unaendelea kuingiza sumu huo.

---
Mkuu mwenye ubavu, bosi alikulipia matibabu?

---
Kwa mbinde. Kazini kwetu teke la ng'ombe wanalicheka tu, hakuna aliyeandika popote, nilipodai gharama nikaulizwa ushahidi uko wapi. Bahati nilikuwa na karatasi ya hospitali yenye tarehe na mwenzangu aliyeshuhudia. Siku hizi hata mchubuko naandika na picha napiga. Ila wa kliniki, ni kweli nyie mnachanjwa kichaa kabla hata hamjang'atwa?

---
Ndio, na ingefaa wasambazaji nao wapewe. Ila isikudanganye, ukishang'atwa unaosha na unarudi hospitali vilevile, tofauti ni kwamba sindano zinapungua, unachomwa siku hiyo na nyingine baada ya siku 3, basi.