Taa ya Rehema (kutoka kikundi cha Ukoo wa Bibi Zainabu)

Rehema (Helsinki): Assalamu alaikum jamani. Nimeokota kitu 📷
Jirani yangu wa chini anahamia nyumba ndogo, kaweka boksi la vitu vya bure pale mlangoni. Hii taa ya ukutani ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa gazeti.

Mama Mdogo Asha (Unguja): Waalaikum salaam mwanangu. Shaba nzuri hiyo, ila imefubaa. Isugue kwa ndimu na majivu, itang'aa kama mpya.

Idi: Mama Mdogo, samahani, asiisugue kwanza! Dada Rehema, igeuze upige picha mgongoni, pale inapokaa ukutani.

Rehema: 📷 Kuna herufi zimegongwa kwenye shaba: TAITO. Na namba pembeni.

Idi: Subhanallah. Weka chini taratibu.

Mjomba Juma (Tanga): Kuna nini? Mbona unatutisha?

Idi: Mjomba, hiyo tumesoma darasani. Taito ilikuwa karakana ya vyuma ya Helsinki, ilianzishwa 1918, Finland ina miezi tu tangu ijitangazie uhuru kutoka Urusi. Mmoja wa waanzilishi ni Paavo Tynell, mzaliwa wa 1890. Huyo hakuanzia kwenye meza ya kuchora. Alianza na nyundo na bati, ubunifu ukaja baadaye. Watu humwita mtu aliyeiangazia Finland.

Mjomba Juma: Mfua bati! Sasa nimeelewa. Nimeikuza picha, matundu yale hayana ncha hata moja. Aliyetoboa kalipitia kila tundu kwa tupa. Kazi hiyo naijua, inaumiza vidole.

Rehema: Kweli mjomba. Nimepitisha kidole, ni laini kote. Na matundu hayalingani: ukingoni makubwa, yanaelekea katikati yanazidi kuwa madogo. Ndani imepakwa rangi nyeupe, ila pale balbu ilipokaa imegeuka manjano.

Idi: Hapo ndipo akili ya Tynell ilipo. Balbu huioni. Mwanga mwingi unarudi nyuma ukutani, ukuta wenyewe ndio unaokuangazia, na kiasi kidogo kinapenya matunduni. Jicho halichomwi.

Rehema: Kwa huku hilo ni jambo kubwa jamani. Mwishoni mwa Desemba mchana hautimizi masaa sita. Saa kumi jioni natoka zamu, nje giza totoro. Taa ya dari ya hapa kwangu inanipiga usoni kama ya chumba cha upasuaji, naizima nakaa na ya jikoni.

Mama Mdogo Asha: Pole mwanangu 😢

Idi: Basi huyu bwana alifanya kazi na Alvar Aalto, yule msanifu majengo. Taa za hospitali ya kifua kikuu ya Paimio na za maktaba ya Viipuri zilitengenezwa Taito. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akapata soko Marekani, mpaka ofisi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa New York ikawekwa taa zake. Mkewe, Helena, naye alikuwa mbunifu, jina lake kubwa liko kwenye vioo.
1953 kampuni ya Idman ikainunua Taito. Kwa mhuri huo, hii yako huenda ni ya miaka ya 1940 au mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na ndiyo maana nasema usiisugue. Ule ukahawia wa shaba ni umri wake. Ukiutoa haurudi, na wanunuzi wanautafuta huohuo.

Mjomba Juma: Wanunuzi? Bei gani?

Idi: Taa za Tynell kwenye minada huenda maelfu ya yuro. Zile kubwa za kuning'inia zimepita laki moja ya dola.

Mjomba Juma: Allahu akbar.

Mama Mdogo Asha: Rehema, huyo jirani anajua alichokitoa?

Rehema: Sidhani. Ni bibi wa miaka themanini na kitu, anafungasha peke yake.

Salum: Lakini kaweka mwenyewe, kaandika "chukua". Hajaibiwa.

Mama Mdogo Asha: Salum, nyamaza baba. Mtu hutoa asichokihitaji, hatoi asichokijua. Mwanangu, shuka ukamwambie.

Idi: Naungana na Mama Mdogo. Tena muulize ilinunuliwa wapi. Hakuna kitabu kitakachokueleza hilo.

Rehema: Nilishavaa viatu. Nashuka.

Rehema: Nimerudi. Kanikalisha, kahawa juu. Anasema taa ilikuwa ya mama mkwe wake, ilikaa sebuleni pembeni ya redio, na hakuipenda kwa sababu kila Jumamosi alilazimishwa kuifuta vumbi tundu kwa tundu 😂 Jina la Tynell analijua, hakujua kama hii ni yake. Kampigia binti yake, anakuja Jumapili waipeleke nyumba ya mnada ikaangaliwe.

Mama Mdogo Asha: Alhamdulillah. Mungu akuzidishie.

Salum: Sawa, hapo nimekubali.

Rehema: Kaniambia nikae nayo mpaka Jumapili. Nataka niiwashe usiku mmoja nione huo mwanga wa Idi.

Mjomba Juma: Usithubutu! Waya ule umevikwa kitambaa, mpira wa ndani umeshakauka, ukiukunja unapasuka. Mwili mzima ni shaba na sioni waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukivuja unakupiga papo hapo. Mpaka fundi mwenye leseni abadilishe waya na holda ya balbu, na ile holda ya zamani aitunze kwenye mfuko, asiitupe.

Idi: Kuna njia. Ingiza tochi ya simu kwa ndani, zima taa zote, iegemeze karibu na ukuta.

Rehema: Ngojeni nifunge mapazia.

Mama Mdogo Asha: Tuma video, si picha!