Mdogo wangu anaishiwa pumzi baada ya kupandikizwa uboho: je, ni kifua kikuu?

Mwana wa Arua: Wanajukwaa, nawasalimu. Mdogo wangu alipandikizwa uboho nchini India miezi 11 iliyopita kwa sababu ya saratani ya damu, na dada yetu ndiye aliyetoa seli. Pandikizi lilishika vizuri, hata kundi lake la damu likabadilika kutoka O hadi A. Sasa ana kikohozi kikavu na hupumzika mara mbili kabla ya kufika kisimani, ingawa eksirei haikuonyesha kitu. Je, ni kifua kikuu?

Mzee wa Kilembe: Mwanangu, toeni jiko la mkaa ndani ya nyumba. Nilichimba shaba ujanani na kifua changu hakijalisahau vumbi lile. Marehemu mke wangu alinitibu kwa tangawizi, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kuinywa.

Nesi wa Zamu: Eksirei safi isikutulize. Chembe za kinga za mtoaji zinaweza kuyaona mapafu ya mpokeaji kuwa mageni na kuyashambulia, hadi vijia vidogo vya hewa vikapata makovu na kuziba, na mara nyingi hutokea ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kipimo cha kupuliza hewa kwa nguvu ndicho kinachoigundua hali hiyo mapema. Anatumia dawa gani?

Mwana wa Arua: Zile za kawaida.

Nesi wa Zamu: Hilo si jibu. Siklosporini, ile dawa ya kuzituliza chembe hizo za kinga, bado anameza?

Mwana wa Arua: Nusu dozi, tangu miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa alionekana mzima na fedha zilikwisha. Msinilaumu, kwani ng'ombe waliouzwa hawakuwa wenu. Isitoshe, jirani aliyemaliza matibabu ya kifua kikuu ametupa vidonge alivyobakiza, na mgonjwa ameanza juzi.

Boda Mstaafu: Hadithi ya kutunga hii. Mtu huzaliwa na kundi lake la damu na huzikwa nalo. Subirini, namba ya kutumia pesa inakuja.

Nesi wa Zamu: Mimi hapo ndipo ninapomwamini. Uboho ndio kiwanda cha damu, na kiwanda kikiwa cha dada, damu nayo hutoka ya kundi la dada. Ninayemtilia shaka ni jirani, maana aliyemaliza matibabu habakizi vidonge. Rifampisini iliyomo humo hulifanya ini liivunje siklosporini upesi, kwa hiyo ile nusu yenyewe inapungua zaidi. Maambukizi, kifua kikuu kikiwemo, bado yanawezekana, lakini hupimwa kwanza. Usiongeze wala kupunguza chochote kwa hiari yako; waulize waliompandikiza leo hii, kisha mpeleke Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani.

Boda Mstaafu: Haya, la damu nimejifunza. Namba bado naisubiri.

Mwana wa Arua: Nimewaandikia India. Wamejibu kwa kuuliza anatumia dozi ipi ya siklosporini. Sijawajibu.

Nesi wa Zamu: Andika "nusu", na vidonge vya jirani uvitaje.